Dota 2, World of Tanks, Warframe au PUBG Mobile: gemu ipi itatunza jasho lako?

Gemu hizi nne ni za bure kupakua, zote ni za kupigana mtandaoni, na kila moja ina mlima ambao mtu anaweza kuupanda kwa miaka. Anayeuliza aanze na ipi mara nyingi hujibiwa kwa uzuri wa picha au wingi wa marafiki waliomo. Hayo yana uzito wiki ya kwanza. Baada ya miezi sita, kinachomfanya mtu abaki au aifute gemu ni kingine kabisa: gemu inahesabu nini, na hicho kilichohesabiwa kinakaa wapi akiwa hayupo.

Kwa kifupi, Dota 2 inapima uwezo wako ukilinganishwa na wa wengine. World of Tanks inaweka akiba ya saa zako. Warframe inahesabu aina ya vitu ulivyovitumia. PUBG Mobile inapima msimu huu, kisha inakuteremsha ili upande tena. Ukishajua wewe ni mtu wa hesabu ipi, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Vigezo tulivyotumia

Kila gemu tumeiuliza maswali yale yale. Kinachohesabiwa ni nini? Njia ni ndefu kiasi gani, kwa saa na kwa mechi? Ukikaa pembeni miezi mitatu unakuta nini? Pesa inanunua nini, nguvu au urembo? Panaharibika wapi? Mwisho, inamfaa nani. Hesabu za saa zilizomo ni za mfano: tumechukua wastani unaowezekana kwa mchezaji wa kawaida na kuufanyia kazi, kwa hiyo badilisha namba kulingana na kasi yako.

Dota 2

*Kinachohesabiwa.* Namba moja tu, MMR, yaani kipimo cha uwezo wako. Ukishinda mechi ya renki inapanda, ukishindwa inashuka, kwa kawaida pointi 25 hivi kila upande akaunti ikishatulia. Namba hiyo huonyeshwa kwa medali nane: Herald, Guardian, Crusader, Archon, Legend, Ancient, Divine na Immortal. Saba za kwanza zina nyota tano kila moja, na nyota moja ni takriban MMR 154 mpaka Ancient. Mashujaa wote, yaani wahusika unaowaongoza uwanjani, zaidi ya 120, ni wa bure. Hakuna silaha ya kufungua wala leveli ya kukuongezea nguvu. Mwenye saa 5,000 na mwenye saa 200 wanaingia uwanjani wakiwa sawa. Tofauti iko kichwani na vidoleni.

*Njia na hesabu yake.* Kwanza kuna mlango: saa 100 za mechi za kawaida na namba ya simu iliyounganishwa na akaunti, ndipo renki ifunguke. Baada ya hapo, shika kalamu. Anayeshinda mechi 52 kati ya 100 ana ushindi wa ziada 4, yaani MMR 100. Medali nzima ni MMR 770. Kwa mwendo huo anahitaji mechi 770, na ukiweka dakika 45 kwa mechi pamoja na kusubiri foleni, ni zaidi ya saa 570. Akifikisha ushindi 55 kati ya 100, medali ile ile inataka mechi 308, saa 230 hivi. Tofauti ya ushindi mitatu katika kila mechi mia imekata zaidi ya nusu ya safari. Ndiyo maana kucheza sana bila kujifunza hakulipi hapa, na ndiyo maana wapo watu wenye maelfu ya saa waliokwama Crusader.

Kupanda kunataka kupunguza mambo. Chagua nafasi moja na mashujaa wawili au watatu, ubaki nao angalau mechi 50. Baada ya kila kipigo fungua rekodi ya mechi na utazame dakika 10 za kwanza tu: umekufa mara ngapi, na sekunde tano kabla ya kila kifo ulikuwa unafanya nini. Kama unacheza nafasi ya kwanza (mbebaji wa timu), hesabu krip, wale askari wadogo wa kompyuta, ulizomalizia kuziua wewe kufikia dakika ya 10. Chini ya 50 kuna kazi ya kufanya kabla hujaanza kuwalaumu wenzako.

*Kinachobaki ukiondoka.* MMR haifutwi na msimu. Kinachoshuka ni kiwango cha uhakika ambacho mfumo unao juu ya namba yako. Kikienda chini ya 30% medali inafichwa mpaka ucheze mechi kadhaa, na mechi hizo husogeza MMR kwa hatua kubwa kuliko kawaida. Anayeota kutu ni wewe mwenyewe, maana masasisho hubadilisha mashujaa na hata ramani.

*Pesa.* Mavazi tu. Usajili wa kila mwezi wa Dota Plus unaongeza takwimu, mapendekezo na beji za shujaa zinazofika leveli 30, lakini haumpi shujaa wako hata pointi moja ya nguvu.

*Panapoharibika.* Umeme. Ukikaa nje ya mechi zaidi ya dakika tano unahesabiwa umeitelekeza. Ukirudia kosa hilo, unapelekwa kwenye foleni ya adhabu ambayo hutoki mpaka ushinde idadi fulani ya mechi, na alama yako ya tabia, ambayo kilele chake ni 12,000, inashuka. Ikishuka sana unapangwa na wenzako wa aina hiyo hiyo, wenye matusi na wa kuondoka katikati. Kwa aliye Afrika Mashariki, kwenye mipangilio ya seva jaribu Afrika Kusini na Dubai kila moja peke yake, halafu ubaki na yenye pingi (ucheleweshaji) ndogo kwenye mtandao wako; ukiziweka alama zote, mfumo unaweza kukupeleka usikotaka. Jambo jingine ni muda: mechi inaweza kufika saa nzima na hakuna njia ya heshima ya kuikatisha.

*Inamfaa nani.* Mwenye kompyuta, mwenye saa moja asiyoitwa na mtu, na anayeweza kupoteza mechi tano mfululizo akabaki na utulivu wa kutazama rekodi zake.

World of Tanks

*Kinachohesabiwa.* Mapambano uliyopigana, uwe umeshinda au umeshindwa. Kila pambano linakupa pointi za uzoefu na krediti. Ukishinda uzoefu huzidishwa mara moja na nusu, lakini hata ukishindwa unaondoka na kitu mkononi. Uzoefu unafungua kifaru kinachofuata kwenye mti wa taifa ulilolichagua. Krediti ndizo zinazokinunua. Tangu 2010 mti uliishia daraja la X, kisha 2025 likaongezwa la XI. Waliokuwa wamekaa kileleni kwa miaka walijikuta kuna ngazi nyingine juu yao. Gemu za aina hii ndivyo zilivyo: kilele ni mali ya mwenye gemu, na akitaka anakisogeza.

*Njia na hesabu yake.* Madaraja ya I hadi IV yanapita haraka. Kuanzia VII mambo yanakuwa mazito. Chukua njia ya Kijerumani inayokwenda kwenye Maus, kifaru cha tani 188 ambacho wengi hukitamani kwa unene wa chuma chake. Kabla yake unapita Tiger (P) daraja la VII, VK 100.01 (P) la VIII na Mäuschen la IX. Vyote vizito, na kadiri unavyopanda ndivyo vinavyozidi kujikokota. Hatua ya mwisho peke yake inadai takriban pointi 200,000 za uzoefu na krediti 6,100,000. Ukipata wastani wa pointi 700 kwa pambano, hayo ni mapambano 286. Kwa dakika 8 kila moja pamoja na kusubiri, saa 38. Ngazi moja hiyo. Asiyeipenda VK 100.01 (P) hataipenda Maus pia, ila atagundua hivyo baada ya miezi. Chagua njia kwa jinsi madaraja ya VI hadi VIII yanavyocheza, maana humo ndimo utakamoishi.

Kuna namna tatu za kupunguza kusota. Ya kwanza: ushindi wa kwanza wa siku wa kila kifaru huzidishiwa uzoefu mara mbili, kwa hiyo mwenye saa moja kwa siku anapata zaidi akishinda mara moja na vifaru vinne kuliko kuking'ang'ania kimoja. Ya pili: sawa na 5% ya uzoefu unaopata huingia pia kwenye mfuko wa uzoefu huru unaotumika popote. Usiuchome madaraja ya chini. Uweke kwa ajili ya siku unanunua kifaru cha daraja la VIII au IX kinachokuja na bunduki dhaifu ya kuanzia, ufungue bunduki nzuri siku hiyo hiyo. Ya tatu: usinunue kifaru kipya kwa krediti za mwisho. Vifaa vya ziada vya kukifunga vinaweza kula zaidi ya milioni moja, na bila hivyo utakwenda vitani ukiwa nusu. Unapouza cha zamani, askari wake wapeleke kambini kwanza; usiwauze pamoja nacho.

*Kinachobaki ukiondoka.* Karibu kila kitu. Vifaru vimo gerejini, uzoefu uko pale pale kwenye kila kifaru, krediti hazipungui. Kati ya gemu zetu nne hii na Warframe ndizo zinazomsamehe zaidi anayepotea mwaka mzima.

*Pesa.* Hapa inanunua kasi, na kasi ina uzito. Akaunti ya kulipia inaongeza 50% ya uzoefu na krediti. Vifaru vya kulipia vya daraja la VIII vinachuma krediti kuliko vya kawaida. Asiyelipa atagundua kwamba daraja la IX na X mara nyingi linamla: matengenezo na makombora yanazidi mapato, hasa akipiga makombora ya gharama, ambayo moja laweza kufika krediti 4,000 na zaidi. Dawa yake ni kuwa na kifaru cha daraja la VI au VII cha kuchumia, upigane nacho siku tatu kisha ule raha ya daraja la X siku moja. Kwa anayekataa kabisa kulipa, huu ndio utaratibu wa kudumu, na si wa kupita.

*Panapoharibika.* Kukimbilia juu. Mfumo wa kupanga timu unaweza kukuweka na vifaru vya madaraja mawili juu yako, na aliyefika VIII kwa haraka hajui akichome kifaru cha adui ubavuni au wapi. Anakufa dakika ya pili, anapata uzoefu kiduchu, na ile hesabu ya mapambano 286 inakuwa 500. Jambo la kumfariji ni kwamba kifaru chako kikishalipuka unaruhusiwa kutoka bila adhabu na kuingia na kingine; ukitoka ungali hai, unaadhibiwa. Toleo la simu lililoanza 2014, la timu za watu 7 kwa 7, ni gemu nyingine yenye gereji yake. Vifaru vya kompyutani havihamii huko.

*Inamfaa nani.* Mwenye vipande vya dakika 15 vilivyotawanyika, mpenda mashine na historia, asiyeona shida kwenda polepole mradi hakuna kinachorudi nyuma.

Warframe

*Kinachohesabiwa.* Hapa adui ni kompyuta. Wewe na wenzako hadi watatu mnapigana upande mmoja. Uwanja wa wachezaji kwa wachezaji upo, lakini hauna watu wa kutosha kuufanya lengo. Kinachohesabiwa ni renki ya umahiri. Kila silaha unayoifikisha leveli 30 kwa mara ya kwanza inakupa pointi 3,000, na kila fremu, yaani lile vazi la vita unalolivaa, pointi 6,000. Kuirudia silaha ile ile hakukuongezei. Gemu inakulipa kwa kujaribu vitu vingi.

*Njia na hesabu yake.* Fomula inajulikana: renki ni pointi 2,500 mara renki yenyewe mara renki yenyewe. Kutoka 5 kwenda 6 ni pointi 27,500, sawa na silaha tisa hivi. Kutoka 10 kwenda 11 ni 52,500, silaha 17 na nusu. Kutoka 20 kwenda 21 ni 102,500, silaha 34. Renki ya 30 inahitaji pointi 2,250,000 kwa jumla, na baada yake zipo renki za juu zaidi ambazo kila moja ni pointi 147,500. Kila kupanda kuna mtihani mfupi; ukiufeli unasubiri saa 24. Mtihani unaweza kuujaribu bure kwenye vituo vya angani kabla hujaufanya kweli, na ni ajabu wangapi hawajui hilo.

Kinachotawala kasi, hata hivyo, ni saa ya ukutani. Vitu vinatengenezwa kwenye kiwanda kilichomo melini mwako: silaha nyingi huchukua saa 12 au 24, na fremu ina sehemu tatu za saa 12 kila moja, kisha yenyewe saa 72. Sehemu hizo tatu zinaweza kutengenezwa kwa pamoja. Kwa hiyo mpangilio mzuri ni huu: usiku kabla ya kulala hakikisha kiwanda kina angalau kazi nne au tano zinazoendelea; asubuhi ingia dakika tatu, chukua zilizoiva, anzisha nyingine. Mwenye nidhamu hiyo na saa moja ya kucheza anaweza kumpita anayecheza saa nne huku kiwanda chake kimelala.

Tahadhari moja kubwa: renki ya umahiri si nguvu. Inafungua ruhusa ya kutumia silaha fulani, inaongeza idadi ya biashara unazoweza kufanya kwa siku, na inapandisha kikomo cha sifa unazoweza kupata kila siku kwa makundi ya humo. Nguvu yenyewe iko kwenye modi, zile kadi unazozipachika kwenye silaha. Mtu wa renki ya 14 aliyekimbiza silaha bila kuzijua modi anaingia njia ya Steel Path, ambako maadui huongezewa leveli 100, na risasi zake haziwatikisi. Shika silaha moja unayoipenda, ipe Orokin Catalyst ya kuongeza nafasi maradufu, na Forma mbili au tatu za kupunguza gharama za modi. Forma moja hutengenezwa kwa saa 23 na inairudisha silaha leveli sifuri. Wengi huogopa kuitumia kwa sababu hiyo, lakini umahiri ulioupata haupotei.

*Kinachobaki ukiondoka.* Vyote. Ukirudi baada ya mwaka unakuta vitu vyako na misheni mpya za hadithi. Baadhi ya fremu na silaha za Prime, yaani matoleo yaliyoboreshwa, huondolewa kwenye mzunguko na kuhifadhiwa, kisha hurudishwa kwa zamu, lakini ulizonazo ni zako.

*Pesa.* Sarafu ya kulipia ni platinamu, na jambo la pekee hapa ni kwamba wachezaji wanaruhusiwa kuuziana kwayo. Unafungua Void Relic, aina ya kasha la bahati, unapata kipande cha Prime, unakiuza kwa mwenzako, unapata platinamu bila kutoa hata shilingi. Unaanza na 50 za zawadi. Hizo ndizo watu huzipoteza vibaya kuliko zote: wanaharakisha kiwanda au wananunua silaha sokoni ambayo ramani yake ya kuitengenezea ingenunuliwa kwa krediti za kawaida. Zitumie kununua nafasi. Nafasi za fremu ni chache mno mwanzoni, na ya ziada ni platinamu 20; nafasi mbili za silaha ni 12. Ukitaka kulipa pesa taslimu, subiri punguzo linalotolewa kwa bahati unapoingia kila siku. Lile la 75% ndilo la kulipia.

*Panapoharibika.* Misheni nyingi huendeshwa kwenye mashine ya mmoja wa wachezaji. Mwenyeji akiwa na intaneti mbovu, wote mnateseka. Akiondoka ghafla, mchezo unahamishiwa kwa mwingine na mara nyingine uhamisho unakwama. Weka kikomo cha pingi kwenye mipangilio, au cheza peke yako pale unapowinda kitu cha thamani. Kosa jingine ni kuuza silaha ili kupata nafasi kabla haijafika leveli 30: utalazimika kuitengeneza upya.

*Inamfaa nani.* Asiyependa kutukanwa na wapinzani, mpenda kukusanya na kurekebisha vitu, anayeweza kuingia kidogo kidogo kila siku. Iko kompyutani, kwenye konsoli, na tangu 2024 kwenye iPhone, na akaunti moja inaweza kutumika kote.

PUBG Mobile

*Kinachohesabiwa.* Pointi za msimu, katika gemu ya kupigana risasi ambayo wa mwisho kubaki hai ndiye mshindi. Ngazi zinakwenda Bronze, Silver, Gold, Platinum, Diamond, Crown, kisha Ace kuanzia pointi 4,200, Ace Master 4,700 na Ace Dominator 5,200. Juu ya wote yupo Conqueror, ambaye si wa pointi fulani bali wa nafasi: wachezaji 500 wa kwanza wa seva. Kwa hiyo mpaka Ace Dominator unashindana na namba, na baada ya hapo unashindana na watu ambao nao wanacheza usiku huu.

*Njia na hesabu yake.* Kutoka Diamond, pointi 3,200, hadi Ace ni pointi 1,000. Ukipata wastani wa pointi 12 kwa mechi, ni mechi 83. Kwa dakika 20 za wastani, maana si kila mechi utafika mwisho wa dakika 30, ni saa 28. Msimu huchukua miezi miwili hivi, hivyo nusu saa kwa siku inatosha kufika Ace. Ngazi za chini zina roboti nyingi zinazojifanya watu. Usijipime kwa mauaji 15 ya Silver.

Pointi zinatolewa sana kwa kuishi, na hapa ndipo panapozaliwa mchezaji wa Crown asiyejua kulenga. Amejificha nyumba za pembeni mpaka watu 10 wa mwisho, kila mechi pointi kidogo, na mwishowe anakutana na kikosi kinachojua kazi yake. Ukitaka kubaki na kitu baada ya msimu kuisha, tenga dakika 15 za uwanja wa mazoezi kabla ya renki: bunduki ya M416, ukutani, risasi 30 za mfululizo kwa umbali mmoja mpaka zikae kwenye eneo dogo, kisha ongeza umbali. Kama simu yako ina jairoskopu (kihisi cha kuinamisha simu), iwashe wakati wa kulenga na uipe wiki mbili kabla ya kuihukumu. Siku tatu za kwanza utacheza vibaya zaidi.

*Kinachobaki ukiondoka.* Ngazi inashushwa kila msimu mpya. Unabaki na beji, fremu ya picha na mavazi ya msimu uliopita, pamoja na ustadi wa vidole. Ukikosa misimu miwili, unakuta umeteremshwa zaidi, na saa 28 za hesabu yetu zinaweza kufika 50.

*Pesa.* UC, sarafu ya kulipia, inanunua skini (urembo wa silaha), mavazi na Royale Pass, yaani tiketi ya zawadi za msimu. Haikupi silaha yenye nguvu zaidi. Ila skini za kupandisha leveli ni shimo refu, kwani vipande vyake hutolewa kwa bahati nasibu. Weka kiasi cha mwezi kabla hujafungua duka.

*Panapoharibika.* Akaunti. Anayecheza kama mgeni bila kuiunganisha na barua pepe au mtandao wa kijamii hupoteza kila kitu siku simu inapoibiwa au kufutwa. Anayenunua akaunti ya mtu hana uhakika kwamba mwenyewe hataidai. Anayetumia programu za udanganyifu anaweza kufungiwa miaka 10, na hiyo si namba ya kutisha watu tu, ndiyo adhabu inayotolewa. Upande wa bando, mechi zenyewe hazili data nyingi. Masasisho makubwa ndiyo yanayokula, na huja karibu kila miezi miwili. Pakua ramani unazozicheza tu, mathalani Erangel yenye kilomita 8 kwa 8, na uziache nyingine.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu pekee, mwenye kikosi cha marafiki wanaokutana saa fulani za jioni, anayefurahia kuanza upya.

Ukiwa na hali hii, anzia hapa

Una simu ya Android peke yake: PUBG Mobile, au World of Tanks ya simu kama unachukia kuona ngazi yako ikishushwa.

Una kompyuta lakini umeme wako haueleweki: Warframe peke yako, au World of Tanks. Dota 2 iache mpaka upate betri ya kuishikilia kompyuta na ruta kwa saa moja.

Una saa nyingi mwezi huu na hutakuwa na hata moja mwezi ujao, kama mwanafunzi kabla ya mitihani au mfanyakazi wa zamu: World of Tanks na Warframe zitakusubiri. PUBG Mobile icheze bila kuitazama ngazi.

Unataka kujua kweli wewe ni mzuri kiasi gani: Dota 2. Lakini zihesabu zile saa 100 za mlangoni kama ada, na usipange lengo la medali kabla ya mechi 100 za renki.

Hutaki kulipa hata senti: Dota 2 haikunyimi chochote cha uwanjani, na Warframe inakuachia uchume platinamu mwenyewe. World of Tanks inawezekana pia, ukikubali kuishi madaraja ya VI na VII muda mwingi.

Unacheza na mdogo wako au mtoto wa miaka 12 hivi: Warframe katika kikosi cha ninyi wawili, mazungumzo ya jumla yakiwa yamezimwa, ingawa damu imo na mipangilio yake inafaa uipitie kwanza. Dota 2 kwa umri huo tungeisogeza mbele, kwa sababu ya matusi.

Unavutwa na mbili kwa wakati mmoja: usichanganye mbili zinazodai kila siku. Warframe asubuhi dakika tatu na Dota 2 jioni zinakaa pamoja vizuri. PUBG Mobile ya kuwania Conqueror haikai na chochote, kwa kuwa wiki za mwisho za msimu watu 500 wale wanasukumana kila siku, na ukilala siku mbili nafasi yako ina mtu mwingine.